Muhuri Auza Mzinga

Cherehani ya dada yake ilikuwa ndani ya kasha lake la mbao, juu ya mizani ya vyuma chakavu, imebanwa na betri ya lori upande huu na mguu wa kitanda upande ule. Muhuri aliitazama kama mtu anavyomtazama ndugu yake aliye mahabusu.

"Bosi," alisema, "nimekuja kuichukua."

Bwana Mizani hakuinua kichwa. Alikuwa anafunga misumari iliyonyooshwa katika vipande vya gazeti la zamani. Jina hilo alipewa na wateja wake, kwa sababu mizani yake ilikuwa na tabia ya ajabu: chuma chako ukikiuza kilikuwa chepesi kama sponji, na kesho yake ukikinunua tena kilikuwa kimenenepa.

"Uliniuzia kwa kilo," alisema. "Mimi naiuza kama cherehani. Hizo ni bei mbili."

"Lakini si ni kitu kilekile!"

"Na wewe ukiwa umelala na ukiwa ofisini si mtu yuleyule? Mbona unalipwa ukiwa ofisini tu?"

Swali hilo lilimpita Muhuri, maana hakuwahi kuwa na ofisi. Alichokuwa nacho ni mihuri mitatu kwenye mfuko wa shati: mmoja wa chama cha ushirika kilichokufa zamani, mmoja wa timu ya mpira ya shule fulani, na wa tatu, kipenzi chake, uliosema IMEPOKELEWA kwa wino wa zambarau. Kwa mihuri hiyo aliishi. Alikuwa amegundua mapema maishani kwamba mtu akisikia karatasi inagongwa tap! akili yake hukaa chini na kupumzika. Aliwahi kumpangisha mtu chumba cha wagonjwa kusubiria hospitalini. Aliwahi kuuza tiketi za maonyesho ya ndege, na wanunuzi walipofika wakaangalia juu, ndege walikuwepo, kunguru wanne.

Ila safari hii alikuwa amebanwa kweli. Dada yake, fundi wa nguo, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa amekwenda kumuuguza bintiye aliyejifungua. Alimwachia nyumba kwa wiki mbili. Muhuri aliilinda kwa siku tatu. Siku ya nne alipata wazo, na wazo lilihitaji viatu vya maana, na viatu vilihitaji mtaji, na mtaji uliokuwa karibu ulikuwa ile cherehani. Wazo lilikufa baada ya siku mbili. Viatu vilibaki.

Cherehani ilikuwa ya mama yao. Kwa cherehani hiyo Dada alishona sare za shule moja kila mwaka, na sare za mwaka huu zilikuwa zimeshakatwa, zimefungwa mafungu mezani, zinamsubiri. Dada angerudi Alhamisi mchana. Asipoikuta cherehani, shule ingechukua vitambaa vyake na kumpa fundi mwingine, na shule ikishaondoka hairudi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kodi ya nyumba, chakula na kila kitu. Na leo ilikuwa Jumatatu.

Basi Muhuri akashusha macho kwa huzuni, na macho yalipofika chini yakaangukia gazeti.

"Bosi, subiri. Hilo usilikunje."

Ilikuwa picha ya kisiwa kilicho mbele ya bandari, kile ambacho watu wa mjini hukiona kila siku na hawaendi kamwe. Maelezo yalisema kuna mabaki ya kambi ya kulinda pwani wakati wa vita: mahandaki, kuta za zege, minara iliyopasuka, na mzinga mmoja, mrefu kuliko basi, bado umeielekezea bahari mdomo.

Muhuri aliutazama ule mzinga. Kisha akashusha pumzi ndefu kama mtu anayeaga.

"Basi acha tu. Nilikuwa nimekuja kwako kwanza, kwa sababu ya kujuana. Nitampelekea yule jamaa wa nyuma ya soko."

"Utampelekea nini?"

"Hapana bosi, ni siri ya ofisi."

"Ofisi gani? Wewe una ofisi?"

"Si ndiyo siri yenyewe."

Msumari ukamponyoka Bwana Mizani mkononi. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo akainua kichwa.

*

Jumanne Muhuri alivuka kwa kivuko cha asubuhi kwenda kuikagua mali yake, kwa sababu hata tapeli mwenye heshima zake hauzi kitu asichokiona.

Kambi ilikuwa juu ya kilima kifupi. Mizizi ilikuwa imeshika kuta kama vidole, na ndani ya handaki la kwanza palinuka popo na chaki. Kwenye lango, ambalo halikuwa na uzio kulia wala kushoto, alikaa mama mzee mrefu kwenye kiti cha chuma, amevaa koti la jeshi linalofika kwenye vifundo vya miguu. Kiunoni alikuwa na shada la funguo zinazotosha gereza. Watu wa kivukoni walimwita Bibi Kambi. Mumewe ndiye aliyekuwa mlinzi. Alipofariki, ofisi ya huko ng'ambo, mjini, ilimwandikia mjane ashike nafasi hiyo kwa muda. Muda huo sasa ulikuwa na miaka kumi na tisa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Funguo ziko mia, milango iko minne," alisema Bibi Kambi. "Nakwambia mapema, maana kila mtu huuliza. Umetoka wapi, mwanangu?"

"Makao makuu," alisema Muhuri, na viatu vyake vikalia kwa kumuunga mkono.

Bibi Kambi akasimama. Akaleta daftari kubwa lenye jalada jeusi, akalifungua mapajani, na kikombe chake cha chai akakiweka juu ya kichwa cha ukurasa ili upepo usiupeperushe.

"Utaratibu wa kambi. Andika jina, cheo, saini. Na kama una muhuri, piga."

Moyo wa Muhuri ukayeyuka. Miaka yote hiyo anatafuta mtu anayeheshimu karatasi, kumbe alikuwa kisiwani. Akaandika: Mkaguzi Mkuu wa Mabaki ya Vita. Akasaini kwa mikia mitatu. Akatoa IMEPOKELEWA, akaupulizia, tap! Bibi Kambi akautazama ule wino wa zambarau kwa muda mrefu, machozi yakamlengalenga, na Muhuri akadhani ni ushamba.

Mzinga ulikuwa juu kabisa, ndani ya shimo la mviringo la zege. Ulikuwa mkubwa kuliko picha. Muhuri akanyoosha mkono aupige kofi la kirafiki.

"Usiugonge," alisema Bibi Kambi nyuma yake.

Muhuri akaurudisha mkono. Akaona afadhali aseme shida yake nusu, kama anavyofanya siku zote, nusu iliyo tamu. Kuna tajiri atakuja kesho. Kuna kubadilishana vitu, cherehani kwa mzinga. Bibi atakaa tu kwenye kiti na kusema "ndiyo, mheshimiwa".

"Na mimi nitapata nini?"

"Heshima, Bibi."

"Hiyo ninayo, nimeijaza kwenye handaki la pili. Sitaki kitu chako, ila utaratibu ufuatwe. Kila kinachoingia kambini hukabidhiwa stoo, hupewa namba, na hutolewa kwa kibati wakati wa kuondoka. Tangu enzi za vita."

"Bibi," alisema Muhuri kwa dhati, labda mara ya kwanza mwaka huo, "hivyo ndivyo inavyotakiwa."

*

Jumatano Bwana Mizani alishuka kivukoni na cherehani begani na sumaku shingoni. Sumaku hiyo aliivaa kwa kamba kama wengine wanavyovaa miwani. Hakumwamini mtu yeyote duniani, mkewe akiwemo, lakini sumaku aliiamini. Ikishika ananunua, isiposhika anaondoka. Kwa njia hiyo alikuwa amejenga nyumba mbili.

Bibi Kambi alipokea kasha, akaliandika daftarini, akaliingiza handaki la nne na kufunga. Akamkabidhi Muhuri kibati cha shaba chenye namba saba. Muhuri akakitia mfukoni, kikalala vizuri pamoja na mihuri.

Wanaume wakatangulia juu, Bibi akabaki nyuma kidogo na funguo zake. Bwana Mizani akauzunguka mzinga mara mbili, mdomo umefunga, macho yamefunguka. Akaitoa sumaku. Ikamponyoka mkononi, ikaruka, pa! ikakaa.

"Hm," alisema, kwa sauti ya mtu anayeficha harusi. "Mwepesi huu."

"Mwepesi? Bosi, huu ulikuwa unazamisha meli!"

"Chumvi imeula. Ndani mtupu kabisa. Kwa huu, cherehani ni nyingi mno. Ungeniongezea na hivyo viatu."

"Viatu ni vya serikali."

"Basi acha niugonge nisikie," alisema Bwana Mizani, akachomoa nyundo.

Bibi Kambi akakohoa. "Ngoja kidogo, bwana. Nitangulie kivukoni."

"Kwa nini?"

"Kombora limo humo. Walilitia siku ya mwisho ya vita, vita ikaisha kabla halijatoka. Hakuna aliyekuja kuliambia."

Nyundo ikashuka taratibu. "Nani ana uhakika bado limo?"

"Kuna mbuzi aliwahi kuugonga kwa pembe."

"Ikawaje?"

"Mbuzi huyo hatunaye," alisema Bibi Kambi.

Na ilikuwa kweli. Mbuzi huyo aliuzwa kwa mchinjaji miezi mitatu baadaye, lakini hakuna aliyeuliza tarehe.

Wakakubaliana haraka, wote wakiongea kwa sauti ya chini kama wako msikitini. Muhuri akaandika hati ya mauzo, "kama ulivyo na mahali ulipo", akaigonga mihuri yote mitatu, hata ule wa timu ya mpira. Bwana Mizani akasaini hati, kisha akasaini daftari la Bibi, maana utaratibu ni utaratibu. Muhuri alitoa kibati namba saba, akapewa kasha, akalikumbatia. Zito kama zamani. Kufuli dogo limefungwa kama zamani. Ufunguo wake aliuvaa Dada shingoni, usiku na mchana.

Kwenye kivuko cha kurudi kila mmoja alikaa upande wake akitazama maji, ili mwenzake asimwone anavyocheka.

*

Alhamisi mchana Dada aliingia, akaweka begi chini, akamwona mdogo wake amesimama kando ya meza kama mlinzi wa benki. Kasha lilikuwa limefutwa vumbi mpaka linang'aa.

"Hamjambo humu ndani?"

"Hatujambo, Dada. Shikamoo. Mtoto anafanana na nani?"

"Anafanana na wewe. Tunamwombea," alisema Dada, akavua ufunguo shingoni na kufungua.

Ndani palikuwa na bonge la zege, limechongwa vizuri likaenea. Juu yake alikuwepo konokono mdogo, mzima, anatoa pembe.

Dada akainama, akamtazama konokono, kisha akamtazama ndugu yake.

"Cherehani ya mama imeota konokono."

"Dada, labda ni hali ya hewa."

Dada hakupiga kelele. Fundi akikasirika hushika futi lake la utepe na kulizungusha kidoleni, taratibu, kama anayepima jambo. Alizungusha mara tatu.

"Vaa viatu," alisema.

"Viatu gani?"

"Hivyo vipya. Nilipoingia tu nimeviona, nikajiambia nisiulize mpaka nimenywa maji. Vaa, tunatoka."

Lakini kabla hawajafika mlangoni, mlango ulijaa Bwana Mizani. Uso wake ulikuwa mweusi kwa masizi, nyusi moja imepungua, na kwapani alikuwa amebeba kipande cha gogo kilichoungua.

Asubuhi hiyo alikuwa amempeleka fundi wa kukata kwa gesi. Yeye mwenyewe alisimamia kazi akiwa nyuma ya ukuta wa zege, akitoa maelekezo kwa sauti kubwa. Fundi alianza mdomoni mwa mzinga. Ukatoka moshi mweupe. Halafu ikaja harufu, na fundi akaita, "Bosi! Chuma chako kinanukia kama jikoni kwa mama!" Bwana Mizani alipotoka mafichoni, mzinga wake ulikuwa unawaka kama kuni, na Bibi Kambi anakuja bila haraka na ndoo mbili za maji alizoziweka tayari tangu alfajiri.

"Mti!" alisema sasa, akilitupa gogo mezani. "Umeniuzia mti uliovikwa bati!"

"Mti?" Muhuri alishangaa kwa moyo wote. "Bosi, na sumaku?"

Bwana Mizani akaishika sumaku yake shingoni, kama mtu aliyesalitiwa na rafiki wa utotoni.

"Na cherehani yangu iko wapi?" alisema Muhuri. "Umenitilia zege!"

"Mimi? Kasha sikulifungua hata siku moja!"

Wakatazamana. Palikuwa na mtu mmoja tu duniani mwenye funguo mia moja.

"Kivuko kinaondoka saa nane," alisema Dada. "Nyote wawili, tangulieni."

*

Waliisikia kabla ya kuiona. Trrrrr, kutoka handaki la pili. Bibi Kambi alikuwa ameiweka cherehani juu ya sanduku la risasi, mwanga wa bahari unaingia kwenye tundu la bunduki na kuangukia sindano barabara. Alikuwa anashona pindo la koti lake.

"Karibuni. Nilijua mtakuja na kivuko hiki," alisema, akamtazama Dada. "Wewe ndiye mwenyewe. Njoo, mwanangu, kaa. Ina mkono mwepesi, imetunzwa. Chini yake kuna jina la mwanamke, limekwaruzwa kwa ncha ya sindano."

"La mama yetu," alisema Dada.

"Basi. Nikasema, huyu kijana nikimpa, ataiuza tena kabla ya kufika nyumbani. Nikimwita mwenyewe simjui. Lakini akifungua kasha na kukuta zege, atakuja tu, hata kama ni kwa kumvuta mtu sikio. Chukua. Nimeitia na mafuta."

Dada akaweka kiganja juu ya cherehani, akakiacha hapo.

"Na mimi?" alisema Bwana Mizani. "Mzinga wangu je?"

"Mzinga huo ulikuwa tapeli kabla hamjazaliwa," alisema Bibi Kambi. "Vita ilipofika, mizinga ya kweli ilipelekwa kwingine. Askari wakakata mti, wakauvika bati, wakaupaka rangi, ili meli za adui zikiona kwa mbali zigeuze. Na ziligeuza. Mume wangu aliupaka rangi kila mwaka, mimi nimeendelea. Meli za kivita zimedanganyika, sembuse wewe na kisumaku chako?"

Dada akageuka taratibu. "Kivukoni ndugu yangu amekiri. Wewe ndiye uliyeipima cherehani ya mama yangu kwenye mizani ya vyuma chakavu?"

Bwana Mizani akaangalia bahari. "Siku ile kulikuwa na foleni," alisema.

"Tena umesaini daftarini," aliongeza Bibi Kambi, "kwamba umenunua mali ya umma bila kibali, na leo umeiunguza. Ukurasa huu niupeleke ng'ambo, au nikae nao?"

Bwana Mizani akasema kwamba kusema kweli visiwa havijawahi kumpenda, akaenda kusubiri kivukoni.

Muhuri akapiga makofi mara moja, kama mtu anayefunga mkutano. "Basi, yamekwisha vizuri! Dada, nikubebee. Tuwahi."

"Tuwahi akina nani?" Bibi Kambi alivua koti, akalikung'uta, akamtupia begani. Chini ya koti alikuwa na gauni la safari, na nyuma ya mlango sanduku lilikuwa limeshafungwa kamba. "Tunaondoka mimi na dada yako. Wewe uko kazini."

"Kazi gani?"

Bibi akafungua daftari. Safari hii hapakuwa na kikombe. Kichwa cha ukurasa kilisema: MAKABIDHIANO YA ULINZI WA KAMBI. Chini yake, safu ya anayekabidhi, jina la Bibi Kambi. Safu ya anayepokea, saini yenye mikia mitatu, na juu yake, zambarau, safi, haijachakaa hata herufi moja: IMEPOKELEWA.

"Miaka kumi na tisa naomba ruhusa nikakae na watoto wangu," alisema Bibi Kambi. "Wananijibu kila mwaka: utaondoka siku atakapopatikana mtu wa kupokea kambi kwa saini na muhuri. Wapo waliokuja wakasaini. Aliyekuwa na muhuri hakuwapo hata mmoja. Nakala niliipeleka ng'ambo jana jioni na kivuko cha mwisho. Leo asubuhi wamejibu. Wameshukuru sana."

Muhuri alisoma ukurasa. Akausoma tena, akitafuta tundu, maana hakuna mtu aliyejua matundu ya karatasi kuliko yeye. Hakuliona. Akamgeukia dada yake kwa macho yale yale aliyoyatumia tangu ana miaka sita.

"Dada, waeleze basi hao wa ofisini."

Dada alichukua daftari, akalisogeza kwenye mwanga wa tundu la bunduki, akapitisha kidole juu ya wino.

"Lina muhuri," alisema. "Nitawaeleza nini?"

*

Sare za shule zilimalizika Jumapili. Wiki iliyofuata kivuko kilimletea mlinzi mpya wa kambi kifurushi kutoka kwa dada yake: suruali na shati la kaki, mshono wa maana, vipimo sawasawa. Mifuko yote minne ilikuwa imeshonwa ikazibwa.

Alilalamika mwezi mmoja. Wa pili akaanza kuupaka mzinga rangi, kwa sababu ulivyoungua mdomo ulikuwa unatia aibu, na aliyejua thamani ya sura nzuri ya nje ni yeye. Akauongezea bati jipya mbele. Akagundua kwamba habari ya mbuzi ukiisimulia taratibu, wageni hurudi nyuma hatua tatu bila kuambiwa.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, alishuka kivukoni kijana mmoja mwenye faili kwapani na viatu vinavyolia. Alipanda kilima. Akasimama mbele ya mzinga, mikono kiunoni, akautazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama yatima tajiri.

"Mzee," alisema, "hivi huu una mwenyewe?"

Mlinzi alivitazama vile viatu. Alikwenda handakini, akarudi na kiti cha chuma, daftari jeusi, na kikombe cha chai.

"Karibu, mheshimiwa," alisema, akikitua kikombe mahali pake juu ya ukurasa. "Tuanze na utaratibu. Jina, cheo, saini. Na kama una muhuri, usione haya."